Loserian na Matairi ya Waya

Mume wangu Loserian Lukumay alikata matairi kwa miaka ishirini na sita nyuma ya Soko Kuu hapa Arusha, akatengeneza katambuga, viatu vya matairi, za kutosha kuvisha nusu ya Monduli. Mwanangu Lucky ndiye aliyeniambia niandike. Ana mtoto sasa, na anasema mtoto atakuja kuuliza babu yake alikuwa nani, na yeye atamjibu nini zaidi ya kwamba alikuwa mchapakazi. Hata punda ni mchapakazi. Kwa hiyo naandika ninachokijua mimi, kwa Kiswahili changu cha darasa la saba, na asiyekipenda aandike chake.

Loserian alifanya kazi amekaa kwenye kigoda, tairi limebanwa katikati ya magoti, ndoo ya maji pembeni. Kisu kikavu hakikati mpira, kinang'ang'ania, kwa hiyo kila baada ya kukata kidogo alikichovya majini. Mteja alikanyaga kipande cha boksi, Loserian akazungusha chaki, basi. Mguu wa mtu akiuona mara moja hausahau. Majina alikuwa anayasahau vibaya sana, hata ya ndugu zangu, lakini akikutana na mtu barabarani anatazama chini kwanza, halafu ananiambia, "Huyu nilimtengenezea mwaka wa njaa, mguu wa kushoto mkubwa."

Nyumbani kila Jumamosi jioni aliwaosha watoto miguu yeye mwenyewe, mmoja mmoja, anapitisha kidole katikati ya vidole kutafuta miiba. Wanaume wenzake wa Kiarusha walimcheka. Alisema mwenye kazi ya miguu ni yeye, mimi niendelee na vichwa.

Tulijuana kwa sababu ya kiatu. Mimi nimetoka Rombo, nilikuja mjini mwaka wa themanini na tatu kuuza ndizi mbivu hapo sokoni, na kandambili yangu ikakatika. Nikampelekea. Akaigeuza, akatazama kisigino, akasema, "Dada, wewe unatembea kwa hasira. Kinaisha upande mmoja."

"Shona kiatu," nikamwambia. "Mwendo wangu hukuletewa."

Akacheka mpaka kisu kikamdondoka. Mwaka uliofuata tukafunga ndoa ya mseto, mimi Mkatoliki na yeye Mlutheri. Baba yangu alikuja kanisani amenuna kama ameletwa na polisi. Alikuwa amesema Mwarusha atanilaza na ndama. Ndama kweli walikuwepo, lakini kwa mama mkwe, Olasiti. Sisi tulipanga vyumba viwili Lemara.

Sasa hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hakuna linaloeleweka. Siku napelekwa Olasiti kama bibi harusi, mama mkwe wangu, Yeyo Resiato, yeyo kwa Kiarusha ni mama, alinipa mtamba. Mwekundu mwenye mabaka meupe shingoni. Kwa Waarusha, mtu akikupa mnyama hamwitani tena majina yenu. Mnaitana kwa mnyama huyo. Akikupa mtamba, yeye ni Paashe wako na wewe ni Paashe wake, maisha yote. Yeyo alisema mbele ya watu wote, "Kuanzia leo wewe ni Paashe." Mimi Mchaga, niliyekuwa natazamwa na mawifi kama mwizi wa kuku, nikawa na jina kwenye boma lile. Ng'ombe alibaki kwa Yeyo, akakua, akazaa, na kila nilipokwenda nilipewa kibuyu cha maziwa. "Karibu, Paashe." "Shikamoo, Paashe." Mawifi wakanyamaza.

Miaka minane ikapita hivyo. Katikati yake ikaja ruhusa ya kuingiza bidhaa, nchi ikafunguliwa, na kila kitu kikaingia sokoni kwa mara moja. Ndala za plastiki za rangi zote. Viatu vya mitumba vinamwagwa chini kwenye turubai, watu wanapigana vikumbo. Katambuga bado zilikuwa na watu wake, maana mfugaji anayetembea kwenye miiba hawezi kuvaa ndala. Taabu ilikuwa matairi. Mashirika ya umma yaliyokuwa na malori, ambayo ndiyo yaliyotuuzia matairi chakavu, yalikuwa yanakufa moja baada ya jingine. Loserian akawa anarudi nyumbani na tairi moja kwa wiki, siku nyingine bila kitu.

Mwezi wa tisa mwaka wa tisini na mbili akasikia shirika moja linafungwa na linapiga mnada wa vitu vyake vyote. Akatoka asubuhi amevaa shati la kanisani. Jioni lori likaja kushusha matairi uani kwetu Lemara, mpaka mwenye nyumba akauliza kama tunajenga ukuta. Nilimuuliza Loserian amepata wapi uwezo huo. Akasema kaka yake amemsaidia. Nikaamini. Alikuwa hajawahi kunidanganya, kwa hiyo sikuwa na mazoezi.

Kesho yake sokoni alipasua la kwanza mbele yangu na mbele ya Yiamat, fundi mwenzake aliyekaa kigoda cha pili. Kisu kiliingia kidogo kikasimama. Akachovya maji, akasukuma tena. Kikalia kama kinakwaruza sufuria.

Yiamat akainama kutazama. "Loserian, hili tairi lina mifupa."

Ndani yake kulikuwa na waya. Waya wa chuma, mwembamba, mwingi, umesukwa kama mkeka. Matairi ya zamani yalikuwa ya nyuzi, kisu kinapita. Haya yalikuwa ya malori mapya yaliyoletwa miaka ya mwishomwisho. Akapasua la pili, waya. La tano, waya.

"Hukukata hata moja kabla hujanunua?" Yiamat akamuuliza.

"Ningekataje tairi la mtu?"

"Lilikuwa linauzwa."

"Na ng'ombe akiuzwa unampasua tumbo kwanza uone maini?"

Hapo ndipo nikajua alichofanya. Alinunua matairi kama kwao wanavyonunua ng'ombe. Aliyazunguka, akayashika, akayagonga ubavu kwa kifundo cha kidole, akatazama kimo. Kuuliza mwenye mali ndani kuna nini ni kumtukana. Wakashikana mikono, imekwisha. Nikamwambia arudi kule, watu wa mnada bado wapo, huenda wakambadilishia hata nusu. Akanitazama kama nimemwambia atembee uchi.

"Tumeshashikana mikono, Mama Lucky."

Jumapili hiyo nikaenda Olasiti kumsalimia mama mkwe, nimebeba sukari na majani ya chai. Nikamkuta amekaa nje anachambua maharage.

"Shikamoo, Paashe."

"Marahaba, Mama Lucky."

Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikakaa. Hakuna kibuyu. Nikatazama zizini, nikahesabu kwa macho, nikarudia. Mwenye mabaka hayupo.

Yeyo hakuinua kichwa. "Unatafuta nini? Loserian alikuja kumchukua, akasema umekubali auzwe, ni kweli? Ng'ombe wako, mdomo wako."

Naomba mnielewe. Mimi nina mdomo, hakuna mtu Soko Kuu asiyejua. Nilikuwa na maneno tayari, yamejaa mpaka hapa kooni. Nikamtazama yule mama, miaka zaidi ya sitini, mjane, na Loserian ndiye mtoto wake aliyemsifia kila mahali, asiyelewa, asiyepiga mke. Ningesema hapana, ingekuwa mwanawe ni mwongo na mwizi, na mimi ndiye niliyemletea habari.

"Ndiyo, Yeyo," nikasema. "Nilikubali."

Akaendelea na maharage. Niliaga mwenyewe, nikaondoka mwenyewe.

Loserian alinikuta nimekaa juu ya matairi yake uani. Sikumpa nafasi ya kuvua kofia.

"Umemuuza ng'ombe wangu."

Akavua kofia. Halafu akasema, "Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo maana watu huuliza."

"Nitakurudishia mtamba. Kabla ya masika."

"Mtamba nitapata hata kwa baba yangu. Nenda kamwambie mama yako ukweli. Leo ameniita Mama Lucky."

Hapo ndipo uso ulipombadilika. Alikuwa hajafikiria hilo. Wanaume wanafikiria ng'ombe ana miguu minne na mkia. Akakaa chini, kwenye udongo, na shati lake.

"Nitamwambia nikiwa na mtamba. Siwezi kwenda kwa Yeyo mikono mitupu."

"Ukweli hauna mzigo wa kubebwa mikononi, baba. Unasemwa."

"Nipe muda."

"Chukua. Mimi sitamwambia, utamwambia wewe. Ila mpaka siku hiyo usinisikie nakuita Baba Lucky. Wewe ni fundi."

Na nikashika neno langu. Fundi, chai hii. Fundi, mtoto ana homa. Fundi, sogea. Watoto walidhani ni mchezo, binti yetu Violet akaanza kumwita fundi na yeye. Loserian aliitikia kila mara, kwa adabu kabisa, "Naam, mama."

Akaanza kupambana na waya. Alinunua plaizi, akawa anauchomoa mmoja mmoja, kama mtu anayenyonyoa kuku mwenye manyoya ya chuma. Tairi moja siku mbili, tatu. Nyuzi nyingine zilikatikia ndani, hazionekani. Mzee mmoja wa Kisongo alirudisha katambuga zake amezishika mbali na mwili. "Fundi, nilikuomba viatu. Umenipa mtego wa fisi." Loserian akapiga magoti pale pale sokoni, akamtoa yule mzee kipande cha waya kwenye unyayo, akaosha, akamtengenezea nyingine kwa tairi la zamani alilolificha kwa ajili ya Lucky.

Mikono yake iliharibika. Viganja vilikuwa kama vimekwanguliwa kwa mbuzi ya nazi. Jioni nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikaweka taa karibu.

"Lete mkono, fundi."

Analeta. Natoa vipande kwa pini, kimoja kimoja, naviweka kwenye kisosi. Siku moja niliona machozi yanamtoka, nikauliza kama inauma. Akasema haiumi. Nikaendelea kuchokonoa. Nilikuwa nimemkasirikia, lakini mkono ulikuwa mkono wangu ule.

Alitoka alfajiri, akarudi jua limezama. Hakukosa siku. Jumamosi bado aliosha watoto miguu, ila sasa kwa ncha za vidole, maana viganja havikustahimili sabuni. Watu wakamwambia aache, ayachome moto, ayauze kwa wanaotengeneza kamba za kufungia mizigo. Alisema, "Yameshakuwa yangu." Yiamat yeye alikuwa anauza ndala za plastiki tayari, amezipanga juu ya boksi, na alimwambia kwa wema kabisa aje washirikiane.

Mwezi wa kwanza siku moja nilipita pale na beseni langu la ndizi. Anatokwa jasho, plaizi imemteleza, na sijui nini kilinipata, labda joto, labda ni kwa sababu nilikuwa nimetoka Olasiti tena na nimeitwa Mama Lucky tena mbele ya mawifi. Nikamwambia mbele ya watu:

"Ng'ombe wangu umemuuza mzima mzima, sasa mchune huyu wako basi, tuone kama ana nyama."

Wauza ndala wakacheka. Yiamat akageuza uso. Loserian alitazama tairi, akaligeuza, akalitazama tena. Nikaondoka na aibu yangu, maana nilijua nimepita kiasi.

Jioni hakurudi saa yake ya kawaida. Nikamfuata sokoni na mtoto mgongoni. Nikamkuta amelilaza tairi chini, amekaa juu yake kama anavyokaa mtu juu ya mzoga wa ng'ombe, na anachuna. Hakuwa anakata tena kwenda ndani. Alipitisha kisu bapa, kimelowa, kati ya mpira wa juu na ule mkeka wa waya, anavuta kwa mkono wa kushoto, anachana kidogo kidogo, na ule mpira mnene wa juu unaachana na chuma kama ngozi inavyoachana na nyama. Waya wote umebaki chini, haukuguswa.

Akaniinulia kipande. Kirefu kama mkono, kizito, hakina hata uzi mmoja.

"Ana ngozi," akasema. "Nyama hana, lakini ngozi anayo."

Mpira mtupu haushiki misumari, kwa hiyo ilimbidi atoboe matundu, apitishe mikanda ndani na kuifunga vifundo chini ya soli, kwenye vishimo alivyochonga ili visiguse ardhi. Zikatoka katambuga zisizo na msumari hata mmoja. Nzito, lakini laini, na hazimchomi mtu. Yule mzee wa Kisongo alikuwa wa kwanza kuvaa. Akazunguka soko lote akipiga chini miguu, hakuna aliyeelewa anafanya nini. Wiki iliyofuata alileta wanawe wanne.

Kwa tairi lililoisha sana haikuwezekana, mpira ulikuwa mwembamba. Lakini mengi uani kwetu yalikuwa bado na mwili. Rundo likaanza kushuka. Mwenye nyumba akaona jua dirishani kwake.

Wiki moja kabla ya Pasaka Loserian alirudi kutoka mnada wa Ngaramtoni na mtamba mweusi. Hakupitia Lemara, alituma mtu aniite. Tukakutana njiani, tukaenda Olasiti wote wawili, yeye mbele na kamba, mimi nyuma na fimbo. Njia nzima niliona shingo yake tu, imekakamaa.

Yeyo alitoka. Loserian, mtu mzima, mvi zimeanza, akainamisha kichwa kama watoto wa kwao wanavyosalimia wakubwa, mama yake akamgusa utosini. Halafu akamzunguka mtamba, akamshika nundu, akafurahi.

"Wa nani huyu?"

"Wa Mama Lucky."

Furaha ikapungua. "Amemuuza wake, sasa ananunua mwingine. Wachaga na biashara zao."

Nikamtazama Loserian. Alikuwa anafunga kamba kwenye mti wa zizi, anafunga, anafungua, anafunga tena. Nikasubiri. Nilisubiri mpaka niliposikia moyo wangu umechoka. Nikaokota mfuko wangu, nikageuka kuelekea njiani. Kama angeacha nifike kwenye barabara, sijui leo ningekuwa naandika nini. Nafikiri ningeandika kutoka Rombo.

"Yeyo," nikamsikia. "Hakumuuza. Nilimuuza mimi. Sikumuuliza, na nikakudanganya."

Nikasimama.

Loserian akainamisha kichwa tena mbele yake, na safari hii Yeyo hakuuinua mkono. Alimwacha hivyo, ameinama, muda mrefu, kuku wanapita katikati yao. Akanigeukia mimi.

"Nilikuuliza. Ukasema ulikubali."

"Nilisema, Yeyo."

"Kwa nini?"

"Ningekataa ungekuwa umebaki na mwana mwongo. Nilikuwa bado namhitaji awe mzima."

Akafikiri. Mwishowe akaweka mkono kichwani kwa mwanawe, lakini kwa nguvu, kama anamsukumia chini, kisha akamwachia.

"Yule niliyempa mimi amekwenda," akasema. "Jina limekwenda naye mnadani, siwezi kulivuta mkia likarudi. Huyu mweusi nani kampa mwenzake?"

"Mimi," Loserian akasema.

"Basi itaneni ninyi wawili. Tena kwa sauti, nisikie."

Loserian akanitazama. Miezi saba alikuwa fundi. Akasema, "Paashe."

Nilitaka kumwachia aseme mara mbili tatu hivi, ateseke. Nikashindwa. "Naam, Paashe," nikasema, na Yeyo akaingia ndani kutafuta kibuyu.

Yeye mwenyewe aliendelea kuniita Mama Lucky mpaka alipofariki. Lakini maziwa yalirudi, na sauti ilikuwa nyingine.

Loserian aliniita Paashe miaka kumi na mitatu. Aliniita hivyo sokoni, akivuka barabara, mbele ya padri. Ndugu zangu wa Rombo walidhani ni jina la ubatizo la Kiarusha. Tukajenga Olasiti, tukahama Lemara, na nyuma ya Soko Kuu mafundi wengine wakaja kujifunza kuchuna, hakumficha hata mmoja. Ila alipata ugonjwa wa kuuliza. Hakuuza kitu tena bila kuniuliza. Kuku ataniuliza. Debe la mahindi ataniuliza. Siku moja alinitumia mtu kutoka sokoni, mwendo wa saa nzima, kuniuliza kama anaweza kumpa Yiamat sufuria letu bovu. Nikamwambia yule mtu akamwambie Paashe asinichoshe.

Alifariki mwaka elfu mbili na sita, presha, siku ya Alhamisi asubuhi, amekaa kitandani anafunga mikanda ya viatu vyake. Tulimzika Olasiti, upande wa chini wa zizi la mama yake. Mafundi wa katambuga walikuja wote, na nilitazama miguu yao, nikaona kila mmoja amevaa za kuchuna.

Yule mtamba mweusi alizaa, na wanawe wakazaa. Sasa wako sita. Mwezi uliopita Lucky alitaka kuuza mmoja anunue pikipiki ya biashara. Zizi liko hatua kumi kutoka mlangoni kwake, mimi nilikuwa nimelala nina mafua, angeweza kumfungua na kwenda naye Ngaramtoni nisijue mpaka jioni. Akaja akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda changu, akaanza kuzungumzia hali ya hewa.

"Sema unachotaka," nikamwambia.

Akasema. Alinieleza yupi, kwa nini, na atamrudisha lini. Nikamsikiliza mpaka mwisho.

"Hapana," nikamwambia.

"Sawa, mama," akasema, akaenda kunichemshia chai.